Kuongeza diski nne kwenye ASM: usawazishaji utachukua saa ngapi?

Bahari_DBA

Wakuu, habari za kazi. Naomba hesabu.

Oracle 19c, RAC ya nodi mbili (seva mbili, databesi moja), diski zinasimamiwa na ASM ya Oracle. Kundi la diski DATA lina redundancy EXTERNAL (ASM haiweki nakala ya pili, inaiachia storeji) juu ya SAN (storeji ya mtandao) ya flashi tupu. Lina LUN nane (diski zinazotolewa na SAN) za TB 1 kila moja, AU (kipande ambacho ASM hugawia nafasi) ni MB 4, limejaa asilimia 80. Tumepewa LUN nne nyingine za ukubwa uleule. Ruhusa tuliyonayo ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, yaani saa saba, kwa sababu asubuhi kuna malipo ya mwisho wa mwezi.

Fomu ya mabadiliko inataka muda uandikwe. Siwezi kuandika "itategemea". Mnakadiriaje kabla ya kugusa kitu?

---

MzeeWaLogi

Mkuu, gawa swali mara mbili. Kwanza: data kiasi gani itahama? Hilo unalijua leo hii, bila kugusa kitu. Pili: itahama kwa kasi gani? Hilo hulijui mpaka upime. Watu wengi huchanganya hayo mawili wakaishia kubahatisha.

Kiasi hakitokani na ukubwa wa diski mpya. Kinatokana na data iliyopo. ASM inataka kila diski ijae kwa asilimia sawa, basi. Diski zikilingana ukubwa, hesabu ni hii:

data itakayohama = data iliyotumika × diski mpya ÷ diski zote baada ya kuongeza

Kwako: TB 8 × 0.8 = TB 6.4 zimetumika. Mpya 4, zote 12. Kwa hiyo 6.4 × 4 ÷ 12 = TB 2.13. Ukiigeuza kuwa MB unapata kama 2,236,962, na kwa AU ya MB 4 ni AU 559,240 hivi. Andika namba hiyo mahali, utaihitaji.

Diski zisipolingana, badala ya idadi weka jumla ya TOTAL_MB za mpya juu ya jumla ya TOTAL_MB za zote. Kilichotumika kichukue hapa, ukiwa umeingia kwenye instansi ya ASM kwa `sqlplus / as sysasm`:

```
SELECT name, total_mb, free_mb,
       total_mb - free_mb AS used_mb
FROM   v$asm_diskgroup;
```

Usichukue ukubwa wa databesi kutoka DBA_DATA_FILES. Ndani ya DATA kuna tempfile, redo, controlfile, pengine na OCR (rejista ya klasta), na zote zinahamishwa.

Ukitaka ASM ikuhesabie yenyewe, tangu 12.1 kuna EXPLAIN WORK. Haihamishi chochote:

```
EXPLAIN WORK SET STATEMENT_ID='ongeza4' FOR
ALTER DISKGROUP DATA ADD DISK
 '/dev/mapper/data09','/dev/mapper/data10',
 '/dev/mapper/data11','/dev/mapper/data12';

SELECT est_work FROM v$asm_estimate
WHERE  statement_id='ongeza4';
```

EST_WORK ni idadi ya AU, si dakika. Ikikuletea kitu cha karibu na 559,000, hesabu yako na ya mashine zimekubaliana. Ikikuletea mara mbili ya hapo, simama uulize kwa nini. Mara nyingi utakuta kundi halikuwa limesawazika tangu mwanzo: kuna aliyeongeza diski zamani kwa POWER 0 (POWER ni nguvu ya usawazishaji, 0 ni kuusimamisha) akasahau kurudi.

---

Chonjo_19c

Si aweke POWER 1024 alale zake? Flashi tupu hiyo.

---

Nasra_SQL

Chonjo, usimponze mwenzako 😄

Hiyo 1024 inawezekana kama COMPATIBLE.ASM ni 11.2.0.2 au zaidi. Chini ya hapo mwisho ulikuwa 11, na POWER ilikuwa idadi ya michakato ya ARB, ile inayohamisha data. Siku hizi ni extent (vipande vya faili) ngapi zinaachwa zihame kwa wakati mmoja. ASM_POWER_LIMIT usipoigusa ni 1, ndiyo maana kuna watu wanalalamika usawazishaji umekaa siku mbili huku SAN imelala.

Ila kupanda kwa POWER hakuendi sambamba na kasi. Kila AU inayohama inasomwa mara moja na kuandikwa mara moja, kwa hiyo TB 2.13 ni kusoma TB 2.13 kutoka diski nane za zamani na kuandika TB 2.13 kwenye diski nne tu. Juu ya hapo, kila extent ikihama lazima ifungwe kwanza: usomaji unaendelea, ila anayetaka kuandika kwenye hiyo extent anasubiri kidogo. Kisha ramani mpya inatangazwa kwa instansi zote za databesi zilizofungua faili hilo. Gharama hiyo ni ya kila extent, iwe ndogo au kubwa. Kundi lenye AU ya MB 1 lina extent nyingi zaidi kwa data ileile, kwa hiyo kwa POWER ileile huenda polepole kuliko la MB 4.

Na hapa ndipo kasi inapocheza katikati ya kazi. Kwenye kundi ambalo COMPATIBLE.RDBMS ni 11.1 kwenda juu, extent 20,000 za mwanzo za faili ni AU moja moja, 20,000 zinazofuata ni AU 4, baada ya hapo ni AU 16. Kwa AU ya MB 4, faili linavuka hatua ya kwanza likifika kama GB 78. Ukiwa na bigfile (datafile moja kubwa) ya TB moja, sehemu yake kubwa inahama kwa mapande manene na kasi inapanda. Ukiwa na datafile mia mbili za GB 30, zote ni mapande madogo mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo pima. Anza na POWER 2, acha dakika 15 hadi 20, soma SOFAR (AU zilizokwisha hama, iko V$ASM_OPERATION) mara mbili kwa nafasi ya dakika tano:

kasi kwa MB/s = (SOFAR ya pili − SOFAR ya kwanza) × ukubwa wa AU kwa MB ÷ 300

Mfano tu: AU 3,000 kwa dakika × MB 4 = MB 12,000 kwa dakika, yaani MB 200 kwa sekunde. AU 559,240 ÷ 3,000 ni dakika 186, saa tatu na dakika sita. Ndani ya saa saba unaingia na nafasi inabaki. Ila usiandike hiyo kwenye fomu kabla ya kujua kinachobana.

---

Fundi_SAN

Nimesoma hadi hapa sijaona aliyeuliza jambo moja. Bahari, hiyo SAN inanakili kwenda kituo cha pili? Na kama ndiyo, ni Data Guard (unakili wa Oracle yenyewe) au ni storeji yenyewe inayonakili?

---

Bahari_DBA

Ni storeji kwa storeji, mkuu. Nakala inakwenda kwa kuchelewa kidogo, haisubiri jibu. Kiungo ni Gb 1 (gigabiti) kwa sekunde hadi kituo cha pili. Data Guard hatuna.

---

Fundi_SAN

Basi hapo ndipo penye shingo ya chupa, si kwenye flashi wala kwenye POWER.

Mngekuwa na Data Guard usawazishaji usingewahusu huko upande wa pili. ASM inahamisha AU chini ya databesi. Hakuna redo (kumbukumbu ya mabadiliko) inayoandikwa, na bakapu za RMAN za nyongeza hazioni kuwa bloku imebadilika. Lakini storeji haijui kuwa ni data ileile imebadili makazi. Inaona TB 2.13 zimeandikwa upya kwenye LUN mpya, na yote hayo inayasukuma kwenye kiungo.

Gb 1 kwa sekunde, ukiondoa vichwa vya itifaki, hesabu MB 110 kwa sekunde mambo yakiwa shwari. 2,236,962 ÷ 110 = sekunde 20,336, yaani saa tano na dakika arobaini hivi, na hapo hujaweka maandiko ya kawaida ya databesi.

Sasa chukua ule mfano wa dada Nasra wa MB 200 kwa sekunde. Unaandika 200, kiungo kinatoa 110. Kila sekunde MB 90 zinabaki nyuma. Baada ya saa tatu na dakika sita deni limefika kama GB 980. Uliza mtu wa storeji bafa ya kunakili ina ukubwa gani. Ikiwa ni GB 300, itajaa kabla saa moja haijaisha. Ikijaa, mifumo mingi inasimamisha unakili, na kuurudisha kunaweza kuhitaji kulinganisha upya LUN. Utakuwa umemaliza usawazishaji saa saba usiku na kuingia asubuhi ya malipo huna kituo cha pili.

Kingine kikubwa zaidi, na hiki hakihusu kasi. LUN nne mpya ziingizwe kwenye kundi lilelile la unakili pamoja na zile nane kabla ya ADD DISK. Kwenye redundancy EXTERNAL, sekunde diski inapoingia DATA, kundi zima haliwezi kupanda bila hiyo diski, hata kama umeweka POWER 0 na haijahama AU hata moja. Ukisahau, upande wa pili una LUN nane kati ya kumi na mbili, na hizo nane hazina faida yoyote. Ziingize zikiwa tupu, subiri hali isome kuwa zimelingana, ndipo ukaongeze.

Snapshoti nazo ni hivyohivyo. Kama kuna snapshoti ya kila usiku ya kundi hilo, inaweza kuvimba. Angalia nafasi ya pool kabla.

---

Bahari_DBA

Duh. Asante sana mkuu, nimekupata. Nimeuliza upande wa storeji: LUN mpya hazikuwa kwenye kundi la unakili, wanaziingiza leo. Bafa ni GB 400. Maandiko ya kawaida usiku ni kama MB 20 kwa sekunde.

Kwa hiyo nikadirie kwa MB 80 kwa sekunde?

---

Nasra_SQL

Ndiyo. 110 toa 20 ni 90, bakiza kidogo. MB 80 kwa sekunde kwa AU ya MB 4 ni AU 20 kwa sekunde, AU 1,200 kwa dakika. 559,240 ÷ 1,200 = dakika 466. Saa saba na dakika arobaini na sita.

Yaani haitoshi kwenye usiku mmoja kwa dakika arobaini na sita. Andika kwenye fomu usiku mbili: wa kwanza saa saba kamili, wa pili saa moja na ushee. Ni heri hivyo kuliko kupandisha POWER ili uingie kwa lazima.

Kukata katikati hakupotezi kitu. AU iliyokwisha hama imehama:

```
ALTER DISKGROUP DATA REBALANCE POWER 0; -- Saa kumi na moja alfajiri
ALTER DISKGROUP DATA REBALANCE POWER 2; -- Usiku unaofuata
```

Ukirudi usiku wa pili SOFAR itaanza sifuri. Usishtuke, EST_WORK nayo itakuwa imepungua. Ni hivyo hivyo kila unapobadili POWER katikati: kazi inapangwa upya kutoka pale ilipofikia. Kubadili ASM_POWER_LIMIT peke yake hakugusi usawazishaji unaoendelea, ni lazima ALTER DISKGROUP.

Kuna mtego mmoja wa kuacha kundi halijasawazika mchana kutwa. ASM ikigawa nafasi mpya inafuata ukubwa wa diski, haijali ipi ina nafasi zaidi. Zile za zamani zikikaribia kujaa, unaweza kupata ORA-15041 huku V$ASM_DISKGROUP ikionyesha TB kadhaa ziko wazi. Kwako baada ya usiku wa kwanza za zamani zitakuwa zimeshuka karibu asilimia 56, hakuna hofu. Aliye kwenye asilimia 98 asithubutu kuongeza kwa POWER 0 na kuondoka.

---

Mgeni_RAC

Samahani kwa kuingilia uzi. Sisi tuna redundancy NORMAL, makundi ya hitilafu mawili, kila moja diski 6 za TB 2. Imetumika TB 15 kati ya 24. Tunaongeza diski 2 kila upande. Hesabu ni ileile, au nigawe kwa mbili kwa sababu ya kioo (nakala ya pili)?

---

MzeeWaLogi

Usigawe. TOTAL_MB na FREE_MB za V$ASM_DISKGROUP ni ghafi, nakala ya pili imo ndani tayari. 15 × 4 ÷ 16 = TB 3.75. Kwa AU ya MB 4 ni AU 983,040. Inayogawanywa ni USABLE_FILE_MB, na hiyo haiingii kwenye hesabu hii.

Kwenu hatari iko kwenye amri yenyewe. Usipotaja FAILGROUP, kila diski mpya inakuwa kundi la hitilafu la peke yake. Mtakuwa na makundi sita: mawili ya TB 12 na manne ya TB 2. Wenzi wa kioo wanapangwa upya, uhamisho unazidi, na nakala mbili za extent moja zinaweza kukaa kwenye kabati moja la diski, jambo ambalo makundi ya hitilafu yaliwekwa kulizuia. Kurekebisha ni kutoa na kuongeza tena, yaani usawazishaji mwingine mzima. Iandikwe hivi:

```
ALTER DISKGROUP DATA ADD
  FAILGROUP fg1 DISK '/dev/mapper/a07','/dev/mapper/a08'
  FAILGROUP fg2 DISK '/dev/mapper/b07','/dev/mapper/b08'
REBALANCE POWER 4;
```

Na msiongeze upande mmoja tu mkisubiri diski za upande wa pili zifike. Nakala ya extent lazima ikae kundi jingine, kwa hiyo upande mdogo ndio unaoamua. Mtasawazisha usiku kucha na nafasi ya kutumia isiongezeke.

---

Chonjo_19c

Haya basi, 1024 nimeifuta. Lakini si bora Bahari aongeze diski moja moja, moja kila usiku, kila usiku kazi iwe ndogo?

---

MzeeWaLogi

Kazi ya kila usiku ni ndogo, ya jumla ni kubwa. Piga hesabu: ya kwanza 1/9 ya TB 6.4, ya pili 1/10, ya tatu 1/11, ya nne 1/12. Jumla ni TB 2.47 badala ya 2.13. Asilimia 16 zaidi, kwa sababu kuna AU inayohamia diski ya tisa leo halafu kesho inatolewa kwenda ya kumi. Ni mtu anayehama nyumba na kushusha masanduku kila kituo cha daladala. Ongeza zote kwa amri moja, na kama usiku hautoshi ukate kwa POWER 0.

Kwenye kubadilisha storeji ndiko watu wanakoumia zaidi. Diski nane za zamani zinatoka, nane mpya zinaingia, data TB 6.4. Ukiweka ADD na DROP kwenye amri moja, zinahama TB 6.4, huwezi kukwepa. Ukiongeza kwanza nane zote (TB 3.2) halafu ukatoa moja moja, kila inayotolewa inamwaga data yake hata kwenye za zamani zinazosubiri zamu yao. Kutoa peke yake kunafika TB 4.24, jumla 7.44.

Na diski iliyotolewa usiichomoe mpaka HEADER_STATUS yake kwenye V$ASM_DISK isome FORMER. Amri ya DROP inarudi papo hapo. Data bado iko mle.

---

Fundi_SAN

Kabla ya siku yenyewe, kwa ufupi, kwenye nodi zote mbili: `rescan-scsi-bus.sh`, kisha `multipath -ll` uone kila LUN ina njia zake zote na hakuna iliyoandikwa failed. Njia nusu zikiwa zimekufa, kasi utakayopima si kasi yako. Mwenyewe wa kifaa awe grid, kikundi asmadmin (au mlivyoweka kwenu), ruhusa 0660, na kanuni za udev ziwe kwenye nodi zote. Nodi ya pili isipoiona diski utapata ORA-15075. Hiyo ni afadhali, maana inakataa kabla ya kuanza.

Ukipata ORA-15033 inakwambia diski ina kichwa cha kundi jingine. Usikimbilie neno FORCE. Linganisha WWID (namba ya utambulisho wa LUN) na karatasi ya storeji kwanza, huenda umepewa LUN ya watu.

---

Bahari_DBA

Tumeanza saa nne kamili, POWER 2, LUN zikiwa zimelingana kituo cha pili. EXPLAIN WORK ilitoa 561,204. Dakika ya kwanza EST_MINUTES ilisoma 1,908! Sasa dakika ya ishirini:

```
PASS       STATE  POWER   SOFAR  EST_WORK  EST_RATE  EST_MINUTES
COMPACT    WAIT       2       0         0         0            0
REBALANCE  RUN        2   24180    561204      1190          451
REBUILD    DONE       2       0         0         0            0
```

Ile 1,908 ilitoka wapi? Na COMPACT ni nini, mbona ina sifuri tupu?

---

Nasra_SQL

EST_MINUTES ni kugawanya tu: kazi iliyobaki juu ya EST_RATE ya wakati huo. Dakika ya kwanza ASM inashughulika na mafaili yake ya ndani, yale ya namba chini ya 256, vipande vidogo vyenye masasisho mengi, kwa hiyo kasi inaonekana ya kobe. Robo saa ya mwanzo usiitumie namba hiyo kumwambia bosi chochote. Ya sasa inaaminika: (561,204 − 24,180) ÷ 1,190 = 451.

Na 1,190 × 4 ÷ 60 ni MB 79 kwa sekunde. Ndipo tulipotaka. Acha hivyo.

Ukitaka kujua iko kwenye faili gani, fungua trace ya ARB0 kwenye nodi inayoendesha, utaona mistari kama "ARB0 relocating file +DATA.271...". Inakwenda faili kwa faili kwa kufuata namba, kwa hiyo ukijua bigfile yako ina namba ngapi unajua kasi itabadilika lini. Usawazishaji wa kundi moja unaendeshwa na nodi moja, kwa hiyo kwenye nodi ya pili usitafute ARB0. Upande wa watumiaji tazama `asmcmd iostat -G DATA 5` na muda wa "db file sequential read". Ukipanda ghafla, shusha POWER iwe 1 na uangalie tena.

---

MzeeWaLogi

COMPACT inaanza REBALANCE ikisha. Inasogeza data kwenda mwanzo wa kila diski, kwa sababu kwenye diski za sahani zinazozunguka mizunguko ya nje ndiyo ya kasi. Mpaka ifike zamu yake inasoma WAIT na sifuri, kwa hiyo kwenye zile dakika 451 haijahesabiwa. Wengi huona EST_MINUTES imefika 0, wanadhani imekwama, wanapiga simu.

Kwenye flashi haina faida, na kwako ina hasara: kila AU inayosogezwa ni maandiko mapya kwenye kiungo chenu. Inazimwa kwa kundi:

```
ALTER DISKGROUP DATA SET ATTRIBUTE '_rebalance_compact'='FALSE';
```

Ina alama ya mstari chini mbele, kwa hiyo fungua tiketi kwa Oracle Support wakubariki kwanza. Unayo nafasi, COMPACT haitafika usiku huu: saa saba kwa 1,200 ni AU 504,000, zinabaki kama 57,000 za kesho, dakika 48.

---

Mgeni_RAC

Swali la mwisho. Tuna FRA (kundi la archivelog na bakapu) pia ya kuongeza diski. Nianzishe zote mbili pamoja?

---

Nasra_SQL

Unaweza. Instansi moja ya ASM inaendesha usawazishaji mmoja kwa wakati mmoja. Wa pili unachukuliwa na nodi nyingine kama ipo, la sivyo unakaa WAIT. Lakini kama LUN zote ziko kwenye storeji moja na njia zilezile, zitagawana kasi na makadirio yako yote mawili yataharibika. FRA ianze baada ya DATA. Archivelog zikiwa zinafutwa kila siku kazi yake itakuwa ndogo hata hivyo: piga RMAN DELETE kwanza, sawazisha baadaye. Data ambayo haipo haihamishwi.

---

Bahari_DBA

Usiku wa pili: EST_WORK ilianza 58,311, imeisha kwa dakika 50. Support wamekubali, COMPACT imezimwa. Deni la kunakili halikupita GB 12. Logi ya ASM inasema "SUCCESS: rebalance completed for group 1". Kuna kingine cha kuhakiki?

---

MzeeWaLogi

Hiki kimoja:

```
SELECT name, ROUND(100*(total_mb-free_mb)/total_mb,1) pct
FROM   v$asm_disk WHERE group_number=1 ORDER BY 2;
```

Diski zote kumi na mbili zisome karibu 53.3, yaani FREE_MB kama 489,000 kila moja. Iliyo mbali na wenzake kwa zaidi ya asilimia moja, rudia REBALANCE POWER 1, itamaliza haraka.

---

Fundi_SAN

Na mwambie mtu wa storeji asishangae kama LUN zenu ni nyembamba (thin, nafasi hutolewa data inapoandikwa): zile nane za zamani bado zinaonyesha asilimia 80 upande wake, juu ya hizo mpya. ASM imeacha nafasi hiyo ila hakuna aliyeiambia storeji. Kuanzia 12.2 kuna sifa ya kundi iitwayo THIN_PROVISIONED inayorudisha nafasi usawazishaji unapoisha, lakini usipoiwasha ni FALSE. Soma masharti yake kwenye nyaraka za toleo lenu, halafu muombe nafasi ya pool mapema. TB 2 za ghafla huwashtua.